Mmoja Atoe Moto, Mwingine Apulize

Nimeacha kazi. Huku Kisangani fundi hastaafu kwa barua. Anastaafu siku magoti yanapokataa kumtoa chini ya gari, na yangu yalikataa mbele ya mteja, ikabidi ninyi vijana wangu wa gereji mnivute kwa miguu kama gunia la mihogo. Baadaye mkanifanyia karamu ya samaki na lituma, ndizi zetu za kuponda, mkanivisha shati la kitenge ambalo mikono yake ni mifupi kuliko yangu, mkasema: Papa Feruzi, tuandikie kidogo mambo ya kazi. Haya, naandika. Ila msitafute humu nani alikuwa mkubwa wa nani na nani alipata nini. Hayo hayaingizi gia. Nitaandika habari ya kitu kidogo chenye ukubwa wa kidole gumba, ambacho sisi tunakiita elektrovani na wengine wanakiita solenoidi, na habari ya mtu niliyekuwa nikikipima naye.

Nilizaliwa komini ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe, katika nyumba ya Waislamu washonaji. Baba alitaka nishone kanzu. Nilishona moja, akaivaa mara moja tu, na wiki iliyofuata akanipeleka mwenyewe gereji. Gereji ilikuwa Mangobo, nyuma ya soko, ya Tonton Amisi, mjomba wa kila mtu, mzee mfupi aliyetoka Maniema, miwani yake imefungwa kwa waya. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amefika kijana mwingine kutoka Yangambi. Ameshuka kutoka baleinière, yale maboti marefu ya mbao yenye mota, na mzigo wa kwanga, mikate ya mihogo, begani. Huyo ndiye Likunde. Baba yake alitunza miche ya michikichi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na yeye alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya shule ya misheni, kwa hiyo alikuwa na kifua kipana kuliko umri wake. Tonton Amisi alitutazama, mimi mwembamba, yeye mpana, akacheka.

"Bon. Moja iko na vidole, moja iko na mapafu. Pamoja munafanya mutu moja."

Kisha akatupa kila mmoja kitambaa na giaboksi iliyojaa matope tuioshe. Tulioshana zaidi sisi wenyewe.

Wakati ule magari ya automatiki yalikuwa machache mjini. Giaboksi ya mkono tuliizoea kama ndugu. Ile ya automatiki tuliiheshimu kama mama mkwe, salamu kwa mbali na macho chini. Baadaye yakaanza kuingia magari ya mtumba kutoka Dubai na kutoka njia ya mashariki, mengine usukani uko kulia, na mengi yao hayakuwa na kanyagio la klachi. Mafundi wengi waliyakataa. Tonton Amisi hakukataa. Alifungua giaboksi ya gari la kwanza juu ya meza, akavua miwani, akaivaa tena, akaichungulia mpaka chai ikapoa. Halafu akatuita.

Ndani ya tumbo la giaboksi ile kuna kipande cha alumini chenye vijia vingi kama kichuguu cha mchwa. Mafuta ya giaboksi yanapita humo kwa nguvu. Yakienda huku, yanabana sahani za klachi hizi, gari linaingia gia ya pili. Yakienda kule, yanabana zile, gari linaingia ya tatu. Hakuna mkono wa mtu unaobana kitu humo ndani, kazi yote inafanywa na mafuta. Swali ni nani anayeyaambia mafuta yapite wapi. Tonton Amisi akaokota elektrovani moja, akaishika baina ya vidole viwili.

"Munaona hii? Iko mulinzi wa mulango. Mulinzi habebi muzigo. Anafungua, anafunga, basi. Muzigo inabebwa na wengine."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo hadi leo. Ndani ya elektrovani kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, na katikati yake kuna kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi. Kompyuta ya gari ikituma umeme, ule waya unageuka sumaku, unavuta kijiti, nawe unasikia *tik*, na mlango unafunguka. Umeme ukikatika, springi inarudisha kijiti na mlango unafungwa. Nyingine zimetengenezwa kinyume, zinakaa wazi na umeme ndio unaozifunga. Tena ziko zile ambazo hazipewi umeme wa kudumu. Zinapewa kidogo kidogo, upesi upesi, zinatetemeka badala ya kugonga, na kutetemeka huko ndiko kunakopima mafuta ili gari libadilishe gia bila kukutupa kichwa kwenye kioo. Hizo msiziwekee betri moja kwa moja kwa muda mrefu, zitaungua na mtaanza kusingizia wachawi.

Sasa desturi yetu. Kifaa cha kupima umeme kinakwambia kama waya wa ndani ni mzima, lakini hakikwambii kama kijiti kimekwama kwa unga wa chuma. Kwa hiyo Tonton Amisi alitaka kila elektrovani ipimwe na watu wawili. Mmoja anashika nyaya mbili za betri na kutoa moto, ndivyo tulivyouita umeme wa betri. Mwingine anaweka mpira mwembamba kwenye tundu la mafuta na kupuliza kwa mdomo. Moto ukiingia, pumzi inapita. Moto ukitoka, pumzi inazuiwa. Halafu mnabadilishana, aliyepuliza anatoa moto, aliyetoa moto anapuliza. Mwisho kila mmoja anasema kwa kinywa chake, muzima au imekufa. Mkitofautiana, mnaanza upya. Mtu mmoja hakuruhusiwa kuitangaza elektrovani imekufa, hata angekuwa Tonton Amisi mwenyewe.

"Ushahidi iko ya watu wawili," alituambia. "Mutu moja anaweza kusikia ile roho yake inataka."

Ladha ya mafuta ya giaboksi siwezi kuieleza vizuri, na ninyi mnaopima kwa hewa ya kompresa hamtaijua, msijute. Likunde alidai mafuta mazima hayana ladha na yaliyoungua yana ladha ya karanga zilizosahauliwa motoni. Alikuwa anasema kabla hatujafungua kitu: "Feruzi, hii iko karanga." Na ilikuwa karanga kweli. Wakati wa kupuliza alikuwa anafumba jicho moja, mazoea ya tarumbeta, na alipomaliza alipiga sauti fupi kwenye ule mpira kama anaita watu mstarini. Mke wangu alipata kuniuliza kwa nini nafika nyumbani nikinuka mafuta mpaka kwenye meno. Nikamwambia ni kazi ya ushahidi.

Mnaweza kuuliza, kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kila mteja alikuja na hukumu tayari. Gari halipandi gia, jirani amemwambia ni elektrovani, basi ni elektrovani. Iagizwe, ije kwa ndege au kwa boti, watu wangoje, ifungwe, na gari liendelee kuugua vilevile. Kila mtu anapenda kasoro iwe kwenye kitu kidogo kinachobadilishwa. Nimeona matajiri, mapadre na wanajeshi, na katika hilo wote walikuwa sawa. Mara nyingi elektrovani ilikuwa haina kosa. Kosa lilikuwa waya uliooza kwa maji, au mafuta machafu, au, mara mbaya kabisa, sahani za klachi zilizokwisha.

Nakumbuka jeep ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipanda nayo barabara ya Buta. Ilikuwa mali yake yote, alikuwa anaipangusa vioo kwa mkono wa shati lake. Ikitoka gia ya pili inapiga kelele tu, haiingii ya tatu. Alikuja na elektrovani mpya mfukoni, amekwisha kuinunua. Tulipima zile za zamani, Likunde akapuliza, nikapuliza, muzima, muzima. Tukafungua zaidi, tukakuta mafuta meusi na sahani zimeungua mpaka kwenye chuma. Mimi nilikuwa tayari kumwambia palepale. Likunde akanishika mkono. Akanawa kwanza kwa sabuni, akavuta kibao, akaketi, akamwonyesha yule bwana kibao kingine.

"Kaa kwanza, patron. Habari ya boîte hatuisemaka tukisimama."

Yule bwana akakaa. Likunde akamwambia polepole: elektrovani iko muzima, boîte, yaani giaboksi yenyewe, ndiyo imechoka. Bwana yule akaitoa ile elektrovani mpya mfukoni, akaigeuza geuza kwenye kiganja, machozi yakamtoka. Likunde hakumwambia nyamaza. Alikaa naye mpaka alipoinuka mwenyewe. Toka siku hiyo habari mbaya zote za gereji zilisemwa tukiwa tumekaa, na wateja wazoefu wakimwona Likunde anavuta kibao walianza kulia mapema.

Tonton Amisi alirudi kwao Kindu uzeeni akatuachia meza, betri na ile desturi. Tulikaa Likunde na mimi kwenye meza hiyo miaka yetu yote mizuri. Tuligombana, ndiyo. Alikuwa hafuniki mafuta, na mimi, alivyosema, nilikuwa napanga vifaa kama mtu anayetandika mkeka wa wageni. Lakini kwenye betri hatukugombana. Nilikuwa sihitaji kumwangalia. Nikigusa waya, pumzi yake ilikuwa pale.

Halafu siku moja akaniambia, "Leo puliza weye mara mbili." Nikacheka, nikamuuliza kama tarumbeta imeoza. Naye alicheka. Wiki nyingine akasema hivyohivyo, na nyingine tena, na mimi nikawa napuliza zamu yangu na zamu yake, yeye anatoa moto tu, amekaa. Alianza kupumzika katikati ya njia kutoka nyumbani kwake, yeye aliyekuwa akimpita mtu wa toleka, ile teksi ya baiskeli, kwa miguu. Mkewe, Mama Véro, alimpeleka hospitali kwa kumdanganya kwamba ni yeye anayeumwa. Daktari akasema mapafu yamekuwa magumu. Pengine vumbi la breki, pengine moshi, pengine tu ndivyo ilivyokuwa, hakuna ajuaye. Wakamlaza, wakamfunga mpira puani.

Mpira ule ulitoka kwenye mashine, sanduku la kufika magotini lenye magurudumu. Linavuta hewa ya chumba, linaichuja, linatoa oksijeni. Nilipoingia mara ya kwanza nilimkuta amelala macho yamefungwa, nikaogopa. Kumbe anasikiliza.

"Feruzi. Unasikia? Ndani iko na elektrovani."

Nikainama. Kweli. *Tik*, pshii. *Tik*, pshii. Milango miwili inapokezana, mmoja unafunguka, mwenzake unafungwa. Tulitazamana tukacheka kama watoto waliokutana na mtu wa kwao ugenini. Mama Véro alitikisa kichwa, akasema wanaume hawa hata kaburini watatafuta betri.

Likunde alikuwa na neno moja tu siku hizo: kurudi Yangambi. Alikuwa na nyumba ndogo aliyoijenga pale, michikichi ya baba yake iko nyuma, kaburi la mama yake halipo mbali. Daktari alimwita Mama Véro na mimi akasema wazi kwamba hapo hospitali hakuna kingine cha kuongeza. Kama mgonjwa anataka kwao, aende na chupa ya oksijeni, ila aende mapema, angali anaweza kukaa kwenye boti. Aende mapema. Nililisikia neno hilo vizuri. Nilichagua kutolifuata, kwa sababu kesho yake Likunde alisema kitu kingine.

"Ya pili inachelewa."

Niliweka sikio kwenye mashine. *Tik*, pshii. *Ti-ik*, pshii. Ilichelewa kweli! Hamjui furaha niliyoipata. Kumbe si mapafu. Kumbe rafiki yangu anakosa pumzi kwa sababu mlinzi mmoja wa mlango amelala kazini. Kitu kidogo, kinabadilishwa, kesho kutwa mtu anatembea. Nilimwambia Mama Véro, naye akawaambia ndugu zake, na uso wake ukarudi kama zamani. Likunde mwenyewe alikula vizuri siku ile. Tukakubaliana wote: safari ya Yangambi ingoje, elektrovani iagizwe Kinshasa, mgonjwa apate nguvu, atapanda boti kwa miguu yake.

Fundi wa mashine za hospitali alikuwa dada mmoja kutoka Bukavu, jina lake Furaha. Alikuja na kipimo chake kidogo, akakiweka kwenye mpira.

"Tonton, oxygène inatoka muzuri. Ona mwenyewe. Na hii mashini, upande moja unakawiaka kidogo tangu ilikuja. Ni tabia yake."

"Mademoiselle," nilimwambia, "sisi masikio yetu yamezeeka kwa elektrovani."

Hakubishana na mimi. Alimtazama Mama Véro, akasema ataulizia Kinshasa. Nadhani alimhurumia. Na sisi tukaanza kungoja, kama wateja wetu walivyokuwa wakingoja, tukiuliza kila ndege na kila boti. Wakati tunangoja, Likunde alianza kulala akiwa ameketi. Kisha akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Kila alipozidiwa nilielekeza kidole kwenye mashine. Nilisema, unaona, ni ile ya pili.

Mchana mmoja, Mama Véro anamkunia mgongo, Likunde akafungua macho akaniita.

"Feruzi. Tumepima?"

"Tumesikia, ndeko, ndugu yangu."

"Kusikia si kupima." Akapumzika. "Tumeihukumu... bila ushahidi. Tonton Amisi angetufukuza."

Nilimwambia apumzike. Akakataa. Alitaka Furaha aitwe. Furaha alipokuja, nilitegemea aseme haiwezekani, na moyoni niliomba aseme hivyo. Yeye akamsikiliza Likunde mpaka mwisho, maneno yakitoka moja moja, kisha akaenda kuleta chupa ya oksijeni, akauhamishia humo mpira wa mgonjwa, akaifungua mashine palepale karibu na kitanda. Akaichomoa elektrovani ya pili, akaipangusa, akaleta na betri ndogo ya pikipiki na kipande safi cha mpira. Mama Véro alisimama mlangoni mikono kichwani.

"Lete nyaya," Likunde akasema.

Nikampa. Vidole vyake bado vilijua njia. Nikaweka mpira mdomoni, nikapuliza. *Tik*. Pumzi yangu ikapita. Akaondoa moto, pumzi ikagonga ukuta. Tena. *Tik*, inapita. Inazuiwa. Haikuwa na uvivu wala mchanga, ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kupima. Nilitaka tuishie hapo. Likunde akanyoosha mkono achukue mpira.

"Zamu yangu."

"Likunde, hapana. Acha."

"Desturi iko desturi."

Basi nikashika nyaya. Yeye akaweka mpira mdomoni, akafumba jicho moja. Nikagusa betri. *Tik*. Furaha alikuwa ameweka kiganja chake upande wa pili wa tundu, akasema, "Ninasikia, Tonton. Inapita. Kidogo, lakini inapita." Nikaondoa moto. Pumzi ikakoma. Nami, ambaye nimefanya kazi hii toka ujana, sikuweza kujua kama elektrovani ndiyo iliyoizuia pumzi ile au ilikuwa imekwisha yenyewe. Nikagusa tena, *tik*, tukangoja, tukangoja. Furaha akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ameisikia.

Likunde akautoa mpira mdomoni. Alipumzika muda mrefu.

"Muzima," akasema.

Zamu yangu ilikuwa imefika na ulimi haukutaka.

"Feruzi. Sema."

"Muzima," nikasema.

"Bon. Alors, kaa."

Hakukuwa na kibao. Nikakaa pembeni ya kitanda. Akanishika kifundo cha mkono, palepale alipokuwa akinishika gereji nisiropoke.

"Boîte ndiyo imechoka," akaniambia. "Unipeleke kwetu."

Nililia mbele ya Furaha na mbele ya Mama Véro, na Likunde hakuniambia nyamaza.

Kabla sijaandika yaliyobaki, niseme la kazi, kwa sababu mliniomba la kazi. Nilirudi gereji baadaye, mnakumbuka. Mlikuwa mmekwisha kununua kompresa, na kile chombo cha kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, na sikuwapinga. Ni vyombo vizuri, na midomo yenu itabaki misafi. Wekeni alama kabla ya kuchomoa, kwa maana elektrovani zinafanana kwa nje kama mapacha na ndani kila moja ina kazi yake. Msizivute kwa waya. Badilisheni vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta kuvuja, hata vikionekana vizima. Lakini pimeni wawili. Chombo kikisema kosa liko kwenye elektrovani, kimeonyesha mlango tu, hakijasema nani mgonjwa nyumbani. Pimeni wawili, mbadilishane, kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Mliponiona natoa moto mwenyewe na kupuliza mwenyewe, mpira umebanwa kwenye meno na nyaya mkono mmoja, mlidhani ni ubingwa. Hakukuwa na mtu wa kubadilishana naye. Nilimkosa kila nilipogusa betri, na ninamkosa sasa ninapoandika.

Tulimpeleka. Boti iliondoka asubuhi, amelazwa juu ya mifuko ya chumvi chini ya turubai, chupa ya oksijeni imefungwa ubavuni mwake kwa kitenge cha Mama Véro. Mota ilikuwa na kelele, lakini alisikiliza. Kuna mahali alinionyesha kidole kimoja, maana yake silinda moja haichomi vizuri, na nahodha alipoulizwa akakiri. Likunde alifurahi sana. Watu wa Yangambi walimpokea ufukweni na kiti, wakambeba nacho mpaka nyumbani. Kitanda chake tulikiweka kikitazama mlango wa nyuma, aone michikichi. Aliwahi kuiona, asubuhi kadhaa na jioni kadhaa, si nyingi. Alimtaja baba yake. Aliomba pondu, kisamvu chetu, akaonja kijiko, akasema chumvi imezidi, Mama Véro akamjibu kwamba mdomo wake umezoea mafuta ya magari.

Siku ya mwisho, jua limekwisha kupanda, Mama Véro alitoka kuchemsha maji ya kumwogesha. Nilibaki nimekaa karibu naye. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, polepole, kikachelewa kidogo, kikapanda. Halafu kikashuka na sikukiona kikipanda tena. Niliweka kiganja mbele ya mdomo wake, kama Furaha alivyofanya kwenye tundu la elektrovani, nikangoja pumzi ipite. Nikangoja zaidi ya inavyotakiwa. Jicho moja lilikuwa limefumba, lingine wazi kidogo.

Mama Véro akaingia na beseni, akasimama.

"Papa Feruzi? Iko namna gani?"

Nilijua la kusema. Lakini halisemwi kwa kinywa cha mtu mmoja, na mimi, kwa mazoea ya miaka yote, niligeuka upande wa kitanda kumngoja Likunde aseme la kwanza.